Jetiski Inapokosa Mafuta: Fuata Njia Kuanzia Tenki

Jetiski ya kabureta ikianza kukohoa kila ukiivuta mafuta, mafundi wengi wa ufukweni hukimbilia bisibisi. Skrubu ya kabureta inageuzwa robo mzunguko, injini inawashwa, inasikilizwa, skrubu inageuzwa tena. Wakati mwingine mlio unatulia, mteja anapanda, na kila mtu anaona kazi imekwisha. Naomba uiweke bisibisi chini kwanza. Skrubu hizo hazijigeuzi zenyewe. Kama mashine ilikimbia vizuri msimu uliopita na skrubu zikiwa palepale, basi kilichobadilika ni kitu kingine: uchafu, hosi iliyochoka, kiwambo kilichokauka, hewa inayopenya mahali, au petroli yenyewe. Ukigeuza skrubu unaufunika ubovu tu, nao unabaki mlemle.

Na ubovu huu si wa kuuchezea. Katika injini ya mipigo miwili, petroli inayoingia haina kazi ya kuwaka peke yake, inapoza pia. Mafuta yakipungua, joto ndani ya silinda linapanda, uso wa pistoni unalainika, na pistoni inakwaruza ukuta wa silinda hadi kukwama, au inatoboka kabisa. Hili linaweza kutokea ndani ya dakika chache, hasa mpanda akiwa ameivuta mafuta hadi mwisho kwenye maji tulivu. Kinachodanganya ni kwamba injini iliyopungukiwa mafuta kidogo mara nyingi husikika nyepesi na kali kuliko siku zote. Mpanda anafurahia mwendo wakati pistoni inaungua. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na ule ushauri wa kuipeleka majini na kuikimbiza “ili ijisafishe”. Mashine inayokosa mafuta hupumzishwa mpaka sababu ijulikane.

Nitazungumzia zaidi Sea-Doo za miaka ya 1990 zenye injini za Rotax na kabureta za Mikuni za kiwambo, kwa kuwa ndizo zinazosumbua kwa namna hii. Mengi ya haya yanaihusu pia Yamaha SuperJet, ambayo iliendelea kuuzwa na injini ya kabureta ya mipigo miwili mpaka toleo la mwaka 2020. Jetiski mpya zinazopulizia mafuta kwa kompyuta zina njia nyingine, na mwongozo huu hauzifai.

Kabla ya kugusa chochote

Ondoa kiti cha mpanda uiache mashine wazi dakika kadhaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini ya bodi karibu na betri na stata, na cheche moja inatosha. Ukinusa petroli, usibonyeze stata. Tafuta inakovuja, kausha, acha upepo upite. Ukitoa plagi ili kuzungusha injini, waya zake zisining'inie hewani zikirusha cheche. Sea-Doo zina vijiti maalumu vya kuzichomekea, navyo vimewekwa kwa sababu hiyo.

Kisha hakikisha kwamba tatizo ni mafuta kweli. Pima mgandamizo wa kila silinda kwa geji, aksileta ikiwa imefunguliwa yote. Injini nzima ya aina hii husoma mahali fulani kati ya psi 120 na 150, lakini la muhimu zaidi ni silinda hizo zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10. Silinda moja ikiwa chini sana, kabureta haitakuponya, maana pistoni au ringi zimeshaumia, na huenda njaa ya mafuta ndiyo iliyoziumiza. Angalia na cheche: plagi mpya za namba inayotakiwa (Sea-Doo nyingi za wakati ule hutumia NGK BR8ES) ni bei rahisi kuliko siku nzima ya kubahatisha.

Mgandamizo upo, cheche ipo, bado haiwaki? Chukua petroli kidogo iliyochanganywa na oili ya mipigo miwili, mwaga kiasi cha kijiko kimoja kwenye koo la kabureta, rudisha kizuia-miali mahali pake, halafu piga stata. Ikiwaka sekunde mbili tatu na kuzima, umepata jibu: injini iko tayari, mafuta hayafiki. Usitumie dawa ya kupuliza ya kuwashia injini. Haina ulainishaji wowote, na injini hii haina oili nyingine inayoisubiri chini kama ya gari.

Isikilize inavyolalamika

Dalili huonyesha mahali pa kuanzia. Injini inayowaka ukivuta choki na kuzima mara tu unapoirudisha choki inakosa mafuta kwenye njia ya mwendo mdogo, yaani vitundu vidogo vilivyo karibu na bamba la kabureta vimeziba. Inayounguruma vizuri ikiwa sailensi lakini inazama na kufa ukiivuta ghafla ina shida hiyohiyo, au kiwambo chake kimekuwa kigumu na kinachelewa kuitikia. Ile inayokimbia vizuri hadi robo tatu ya mwendo kisha inapungua nguvu kana kwamba mtu ameishika nyuma, mara nyingi haina ubovu kwenye kabureta. Hapo kuna kizuizi kati ya tenki na pampu ya mafuta.

Inayoloweka plagi, inayomwaga moshi na kunuka petroli, hiyo imefurika: sindano ya kabureta haifungi kwenye kikalio chake. Na kama resi ya sailensi inapanda yenyewe bila kuguswa, zima haraka. Kuna hewa inayoingia chini ya kabureta au kwenye sili za kranki, na hewa hiyo inaukausha mchanganyiko kwa namna ambayo skrubu haiwezi kuifidia.

Mashine yenye kabureta mbili inahitaji uangalifu zaidi. Kila kabureta inalisha silinda yake. Moja ikiziba nusu, nyingine inaendelea kusukuma, na mpanda anahisi tu kwamba “leo haina nguvu sana”. Toa plagi zote mbili uzilinganishe. Moja ikiwa ya rangi ya kahawa na nyingine nyeupe kavu, silinda ya ile nyeupe iko hatarini.

Kutoka tenki kwenda mbele

Anza na petroli yenyewe. Chota kutoka chini ya tenki, weka kwenye chupa ya kioo, iache robo saa. Maji yatajitenga na kulala chini. Ufukweni maji huingia kwa njia rahisi mno: dumu lililoachwa wazi kwenye mashua, mkono uliolowa, faneli iliyowekwa mchangani. Petroli iliyokaa juani wiki nyingi nayo hupoteza ule wepesi wake wa kuwaka na kuacha utomvu kwenye jeti.

Kisha kuna uchakachuaji. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli, injini inagonga na kuchemka hata kama kabureta ni safi kama mpya. Serikali zimelipiga vita jambo hili kwa muda mrefu: Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Bado dumu la pembeni ya barabara halina cheti. Dondosha tone la petroli, kabla hujaichanganya na oili, juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka ikaisha. Ikiacha doa la mafuta, usiitie kwenye jetiski yako.

Ukishajiridhisha na petroli, jaribu kifuniko cha tenki. Endesha mpaka ianze kupungua nguvu, kisha fungua kifuniko taratibu. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia ndani na injini ikapata nguvu tena, valvu ya pumzi ya tenki imekwama. Valvu hiyo inatakiwa kuruhusu hewa iingie na kuzuia petroli isitoke. Chumvi ikiigandisha, tenki linajinyonga lenyewe na pampu inashindwa kuvuta. Itoe, puliza kwa mdomo pande zote mbili: upande mmoja upite, mwingine ukatae.

Swichi ya mafuta ya Sea-Doo ina nafasi ya OFF, ON na RES. Ndani ya tenki, bomba la RES linafika chini zaidi kuliko la ON. Mashine ikifa kwenye ON na kufufuka kwenye RES ilhali tenki limejaa, basi bomba la ON au kichujio chake kimeziba. Ikifa kwenye zote mbili, ishuku swichi yenyewe. Ndani yake kuna njia nyembamba inayokusanya takataka, na watu wengi huifungua mwisho wakati ingefaa kufunguliwa mapema. Kikombe cha kichujio kinachotenganisha maji kitazame kwenye mwanga, na mpira wa duara unaokiziba uubadilishe. Ukipasuka, hewa inaingia.

Hapa kuna jambo ambalo huwakosesha watu usingizi. Hosi iliyo kati ya tenki na pampu haisukumwi mafuta, inanyonywa. Ufa ulio kwenye hosi hiyo hautaonyesha hata tone la petroli. Badala ya kuvuja nje, unavuta hewa ndani. Fundi anapapasa, anaona pakavu, anasema hosi ni nzima. Njia ya kuukamata ufa huo ni kuliwekea tenki na hosi zake shinikizo dogo la psi 5 hivi kwa pampu ya baiskeli yenye geji, kisha kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungio na kila klipu. Sindano ya geji ikishuka, mapovu yatakuonyesha. Usizidishe shinikizo, tenki ni la plastiki. Njia nyingine ni kuweka kipande kifupi cha hosi ya kuonea kabla ya pampu: mafuta yakipita na mapovu mfululizo, kuna mahali hewa inaingia.

Ichunguze pia ile hosi fupi nene inayotoka kwenye kranki kwenda kwenye pampu. Haipitishi mafuta, inapitisha msukumo wa hewa unaochezesha kiwambo cha pampu. Ikipasuka au ikijaa oili, pampu inaweza kutosha kwenye sailensi na kushindwa kwenye mwendo mkubwa.

Hosi za kijivu

Sea-Doo nyingi za miaka ya 1990 zilitoka kiwandani na hosi za mafuta za rangi ya kijivu. Kwa miaka mingi ukuta wa ndani wa hosi hizo humomonyoka na kuwa uteute wa kijani unaonata. Ukiikata moja kwa kisu kwa urefu utauona umelala ndani kama ute wa konokono. Uteute huo unasafiri na petroli, unapita kichujio kikubwa, na unakwenda kutulia kwenye kichujio kidogo cha wavu kilicho ndani ya kabureta yenyewe, chini ya pampu. Watu wengi waliofungua kabureta mara mbili tatu hawajui hata kwamba wavu huo upo.

Ukiwa na hosi za kijivu, usisafishe kabureta kwanza. Ukisafisha leo na kuziacha hosi, baada ya muda mfupi utakuwa hapohapo, na safari hiyo huenda pistoni haikusubiri. Toa hosi zote za kijivu, pamoja na ile ya kurudisha mafuta tenkini, uweke hosi nyeusi za mafuta zenye kipenyo cha ndani kinacholingana, kwa kawaida milimita 6 hivi. Tia alama kila hosi kabla ya kuitoa, maana ukibadilisha njia ya kwenda na ya kurudi mashine haitakwenda. Kwenye njia ya kurudi kuna tundu jembamba lililowekwa makusudi ili shinikizo libaki kwenye kabureta. Usilitanue ukidhani ni uchafu.

Kuifungua kabureta

Sasa, na sasa tu, fungua kabureta. Kama ni mbili, zifungue zote siku moja. Piga picha kila hatua kwa simu. Kabla ya kutoa skrubu za mchanganyiko, zikaze taratibu mpaka ziguse ukihesabu mizunguko, uandike. Kwenye modeli nyingi za Sea-Doo skrubu ya mwendo mdogo huanzia mzunguko mmoja au zaidi kidogo, na ya mwendo mkubwa huwa imefungwa kabisa. Kitabu cha modeli yako ndicho chenye kauli.

Toa sehemu zote za mpira kabla ya kupuliza dawa ya kusafishia, kwa sababu dawa hiyo inavimbisha viwambo na kuviharibu. Kiinue kila kiwambo kwenye mwanga utafute tundu, kisha kikunje kidogo kwa vidole. Kizima ni laini na kinarudi. Kilichozeeka kinatoa sauti kama karatasi kavu, na hicho hakifai hata kama hakijatoboka. Jeti zizibue kwa dawa na hewa, au kwa uzi wa nailoni. Waya wa chuma unatanua tundu, na tundu lililotanuka halirudi. Ndani ya chumba cha kiwambo kuna kijivalvu chembamba cha plastiki kinachopitisha mafuta upande mmoja. Hewa ya kompresa ikipigwa hapo kwa nguvu inakirusha, kwa hiyo punguza shinikizo. Vile vitundu vidogo sana kwenye koo, karibu na bamba, vipulizie mpaka uone dawa ikitoka kwa kila kimoja.

Halafu sindano na kikalio. Tazama ncha ya sindano kwa kioo cha kukuzia. Ukiona mstari wa duara uliochimbika, tupa. Kikalio kina mpira wa duara nyuma yake, nao ukivuja unatoa dalili zilezile za sindano mbovu, kwa hiyo badilisha vyote pamoja. Kijiko cha kuinua sindano kinatakiwa kiwe usawa na sakafu ya chumba. Kikiwa juu mafuta yanazidi, kikiwa chini yanapungua. Nunua seti halisi ya Mikuni. Seti za bei ya chini zinafanana kwa macho, lakini viwambo vyake mara nyingi ni vigumu tangu vikiwa kwenye pakiti, na sindano haziketi sawasawa.

Kabla ya kufunga, pima shinikizo ambalo sindano inafunguka. Vaa miwani, ziba njia ya kurudi, unganisha pampu ndogo yenye geji kwenye njia ya kuingilia, lowesha sindano kwa mafuta mepesi, kisha pampu taratibu. Geji itapanda na ghafla kushuka, ndipo sindano imefunguka. Rudia mara tatu, na namba zisipishane sana. Modeli nyingi ziko kati ya psi 20 na 40 hivi, na kitabu kitakupa ya kwako. Kisha pampu mpaka psi 10 uiache kwa dakika moja. Ikishuka, sindano haifungi, nayo itafurika siku ya kwanza. Namba isipolingana na kitabu, badilisha springi ya kijiko kwa ile iliyotajwa kwa modeli yako. Kuikata au kuivuta springi ya zamani ni kujitafutia kazi ya pili.

Unapounganisha, zingatia mpangilio wa gasketi na kiwambo upande wa pampu. Ukivipindua, mashine itakataa kuwaka na utaanza kuilaumu betri. Kaza skrubu kwa msalaba, kidogo kidogo. Rudisha kizuia-miali kikiwa safi na kikavu. Usiendeshe bila hicho hata kwa jaribio fupi, kwanza kwa ajili ya moto, pili kwa sababu bila hicho mvuto wa hewa unabadilika na hutajua unapima nini.

Jaribio lake

Nchi kavu, mashine isiwake zaidi ya sekunde chache bila maji. Ukitumia bomba la kuoshea, washa injini kwanza ndipo ufungue maji, na ukimaliza funga maji kwanza, upige resi fupi kutoa yaliyobaki, ndipo uzime. Ukifungua maji injini ikiwa imezimwa, yanapanda kupitia eksosi mpaka kwenye silinda.

Majini, iache ipate joto, kisha panda mwendo hatua kwa hatua huku ukisikiliza. Ikiitikia vizuri kila hatua, ivute yote kwa muda mfupi mahali palipo wazi pasipo waogeleaji, na ukiwa bado umeivuta hivyo chomoa kamba ya usalama izime papo hapo. Subiri itulie, toa plagi palepale. Usiirudishe ufukweni kwa mwendo mdogo, maana rangi itabadilika. Kahawia iliyokolea kiasi ni nzuri. Nyeusi yenye unyevu inaonyesha mafuta yamezidi. Nyeupe, au yenye vidoa vya kung'aa vya alumini, inakuambia uburute mashine kwa kamba mpaka ufukweni. Rudi kwenye hosi na chujio. Zikiwa nzima kweli na kila kipimo kikiwa sawa, ndipo unaweza kuichukua ile bisibisi: fungua skrubu kwa sehemu ndogo ya mzunguko, mara moja, na urudie jaribio la plagi kabla ya kugeuza tena.